Kanda ya Kumi na Moja

Kanda zilikuwa zimefutika. Si moja wala mbili, zote kumi na moja. Na aliyezifuta ni yule yule aliyekabidhiwa azitunze.

Watu walimwita Cheche kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mchomeleaji: mageti, vitanda vya chuma, fremu za madirisha, chochote kilichovunjika kikiwa cha chuma. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kike, ambaye tangu utotoni aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Mama yao alikufa Cheche akiwa na miaka kumi na minne, na Kitinda ana miezi kumi, meno mawili mdomoni.

Kwa hiyo Cheche alimjua mama, Kitinda hakumjua. Alikuwa na picha moja, na katika picha hiyo mama amefumba macho kwa ajili ya jua. "Hata macho yake siyajui," Kitinda alizoea kusema huku akicheka, kicheko kikavu cha mtu anayekuwahi kabla hujamhurumia.

Kilichobaki cha mama kilikuwa sauti, na sauti ilikuwa kwenye kanda.

Baba yao alikuwa mfagizi katika ofisi moja ya kurekodi matangazo. Ofisi ilipoleta mashine mpya, ile ya zamani ikatolewa nje pamoja na takataka. Baba akaiomba, akapewa, akaibeba begani mpaka nyumbani: sanduku zito la kijivu lenye magurudumu mawili juu yake, moja linaachia kanda na jingine linaipokea. Akapewa na kanda kumi na moja zilizokwisha kutumika, zimejaa matangazo ya sabuni na dawa za mbu. Ukirekodi juu yake, sabuni inaondoka na wewe unabaki.

Kila Jumapili baada ya kula, baba alifunga madirisha, akafukuza kuku mlangoni, akamkalisha mama kwenye kigoda na kumhoji kama mwandishi wa habari.

"Mama, hebu waambie wasikilizaji, kwenu ni wapi?"

"Hupajui? Ulipokuja kunichumbia ulikwenda kwa nani, kwa jirani?"

Wakaangua kicheko, na kicheko kikaingia kwenye kanda. Hivyo ndivyo Cheche alivyokumbuka. Mama alieleza wazazi wake, njaa ya mwaka aliozaliwa, kaka yake aliyetoroka na baiskeli ya mwajiri, mimba tatu zilizotoka kati ya Cheche na Kitinda. Kanda tisa za Jumapili.

Kisha akaugua, na alijua mwenyewe kwamba hapo haponi. Kanda ya kumi akamrekodia Cheche. Ya kumi na moja akamrekodia mtoto. Siku ya kuirekodi hiyo aliwatoa wote nje, hata baba, akabaki na mtoto mapajani na mashine inazunguka. Saa nzima na nusu. Cheche alikaa kibarazani akasikia mvumo wa maneno bila maneno yenyewe. Baba akaandika juu ya boksi lake, kwa mwandiko wake wa kupinda: *Ya mtoto. Akikua.* Hakuisikiliza kamwe. Alisema si yake.

Mtoto alikua, lakini mashine haikumngoja. Kitinda akiwa na miaka sita, mota iliungua. Baba alizunguka nayo kwa mafundi mpaka soli za viatu zikaisha, kila mmoja akamwambia spea zake hazitengenezwi tena. Mashine nyingine za aina ile ofisini zilikwisha kuuzwa chuma chakavu. Akachoka. Siku chache kabla ya kufa alimwita Cheche kitandani, akamwonyesha sanduku la mbao lenye kanda.

"Usizipe maji. Usizipe jua. Usimpe mtu. Iko siku mashine itapatikana, mdogo wako asikie yake."

"Nimesikia, baba."

Alisikia kweli. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Nyumba ya Cheche ilikuwa inavuja kama chujio. Karakana yake ilikuwa na paa jipya, sakafu kavu na kufuli mbili. Akachomelea mkono wa chuma ukutani, usawa wa kifua, na kuliweka sanduku juu yake. Nalo sanduku lilikuwa na umbo zuri. Sasa, waya wa mashine ya kuchomelea una urefu wa mita thelathini, mnene, mzito kama nyoka aliyeshiba. Ukiuacha sakafuni unakanyagwa, unakatwa na vyuma. Kila mchomeleaji ana namna yake ya kuuhifadhi. Cheche aliuzungusha kwenye tumbo la sanduku, mizunguko ishirini na mitatu, imebanana safi kama uzi kwenye kibiringo. Kazi ikiwa ya karibu alifungua mizunguko miwili mitatu, mingine ikabaki hapo hapo huku umeme unapita ndani yake kwenda kuyeyusha chuma. Aliona ametumia akili. Waya umepata pa kukaa, sanduku limepata mlinzi, na mwizi akitaka kulifungua ana kazi ya kufumua waya mzima kwanza.

"Sanduku hilo ungelioa tu, tujue moja," mkewe alimwambia siku moja, alipomkuta analipangusa vumbi.

"Ningelioa. Shida halijui kupika."

"Na mimi nani kakwambia najua? Wewe umezoea tu."

Mara tatu Kitinda aliomba achukue sanduku. Alikuwa muuguzi mji mwingine, ana nyumba nzuri, ana kabati la kufunga. Mara tatu Cheche alikataa. "Baba alisema nisimpe mtu. Ukitaka kuliona, njoo ulione." Kitinda alikuja, akaliona, akaligusa kupitia nafasi kati ya waya na waya, akarudi kwake.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo Cheche alichomelea siku sita kwa wiki.

Kitinda ndiye aliyeendelea kutafuta mashine. Aliuliza kila mgonjwa mzee aliyelazwa wodini kwake, ulifanya kazi gani, ulifanyia wapi. Hatimaye mmoja akamwelekeza kwa rafiki yake, fundi mitambo mstaafu ambaye watu walimwita Mzee Waya, na ambaye alikuwa anakaa mtaa wa nne tu kutoka karakana ya Cheche. Kitinda alikwenda kumwona, kisha akapiga simu akiwa bado mlangoni kwa mzee.

"Kaka! Nimempata! Anayo, inazunguka, nimeiona kwa macho yangu!"

"Sasa unalia nini?"

"Silii. Nina mafua."

"Yamekuanza lini?"

"Kaka, lete sanduku."

Wakapanga iwe Jumamosi mchana, Kitinda apate ruhusa kazini. Mzee Waya akataka kanda zimfikie Ijumaa, azipanguse, ajaribu mbili tatu, ili siku yenyewe kusiwe na kukatika. Ijumaa asubuhi Cheche alifumua waya wake wote, akalibeba sanduku begani kama baba alivyobeba mashine, na kwenda nalo peke yake.

Chumba cha Mzee Waya kilikuwa na meza moja ndefu iliyojaa redio zilizofunguliwa matumbo. Kilinuka spiriti na risasi iliyoyeyuka.

"Simama hapo hapo, Cheche. Usisogee mezani," mzee alisema. "Ukipiga chafya wewe, redio zangu sita zimekwenda."

"Nimekuja na mikono mitupu, mzee. Nyundo nimeiacha nyumbani."

"Mikono yako yenyewe ni nyundo. Kaa."

Mzee akachukua kanda ya nne, akaipitisha polepole katikati ya pamba yenye spiriti, akaikalisha kwenye mashine, akabonyeza. Magurudumu yakaanza kwenda. Kwanza ukatoka mvumo, kama mvua ya mbali juu ya bati. Kisha ghafla sauti ya mwanamke: "—akaniambia sita—" na mvumo tena. Kimya. Kimya. "—baiskeli ya wat—" Mvumo.

Cheche alipiga paja. "Ndiye! Ndiye mama huyo!"

Mzee Waya aliinamia mashine. Alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya meza. Moja, mbili, tatu, nne, sauti. Moja, mbili, tatu, nne, sauti. Akaangalia gurudumu, akaangalia kidole.

"Sauti inakuja kila gurudumu likimaliza mzunguko mmoja," alisema. "Kipande kimoja cha gurudumu ndicho kizima, kilichobaki kimekufa. Hii si kanda iliyooza. Kanda iliyooza inakufa ovyo ovyo. Sanduku lilikaa karibu na nini? Spika kubwa? Mota?"

"Hakuna hata kimoja. Lilikaa pazuri." Na Cheche akaeleza. Akaeleza mkono wa chuma, sakafu kavu, kufuli mbili. Akaeleza na waya, kwa mikono, jinsi alivyokuwa anaubana usiache nafasi.

Mzee akaizima mashine.

"Waya wa kuchomelea."

"Ndiyo."

"Umeuzungushia sanduku."

"Safi kabisa."

"Na unachomelea hivyo hivyo, umezungushwa."

"Sasa nichomelee bila umeme, mzee?" Cheche akacheka. Akagundua anacheka peke yake.

Mzee Waya alivua miwani. Alieleza taratibu, kwa maneno machache. Waya wenye umeme mkali ukiuzungusha unageuka sumaku. Sauti iliyo kwenye kanda nayo ni sumaku, ndogo sana, imepangwa mstari kwa mstari. Ile kubwa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, inaivuruga ndogo mpaka haina mpangilio tena. Siku moja isingeweza. Wiki isingeweza. "Lakini wewe umesema miaka mingapi?"

Cheche alitazama sanduku. Alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti.

"Zirudishe," alisema.

"Nirudishe nini?"

"Sauti. Wewe si fundi?"

"Wewe ukikata chuma kwa grenda, ule unga unaoruka unaweza kuuchomelea ukawa geti tena?"

Cheche alilijua jibu kuliko mtu yeyote mjini.

Wakajaribu zote, moja baada ya nyingine, mpaka saa sita usiku. Kanda za katikati ya sanduku zilikuwa na vipande. Ya kumi, ambayo mama alimrekodia yeye, ilikuwa na neno "miguu" na pumzi. Ya kumi na moja ndiyo ilikuwa na hali mbaya kuliko zote. Kwa kuwa ilikuwa ya mwisho kwenye safu, ilikuwa imegusana na ubao, na upande wa pili wa ubao ulikuwa waya.

"Nitamwambia nini mdogo wangu?"

Mzee Waya alifikiri. "Mwambie kanda zimezeeka. Kanda huzeeka kweli. Mimi nitatikisa kichwa tu, sitasema mengi."

Cheche akakubali. Hakuna haja ya kumpamba. Alikubali upesi, na akashukuru.

Jumamosi Kitinda alifika amesuka nywele upya, gauni limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mkononi ana daftari jipya.

"Umependeza hivyo, kuna harusi?" Cheche aliuliza, kwa mazoea.

"Naenda kuonana na mama. Nije na gauni la wodini?"

Cheche akaangalia sakafu. Mzee Waya akasema lake, kwamba kanda ni za zamani mno, kwamba asitegemee mengi. Kitinda alimsikiliza kama muuguzi anayesikiliza daktari mwenye wasiwasi.

"Hata kidogo, mzee. Hata neno moja. Weka."

Kanda ikazunguka. Mvumo, dakika baada ya dakika. Kitinda ameinama, sikio karibu ligusane na spika, kalamu mkononi. Dakika ya ishirini na kitu ikatoka: "—mwanangu, nisi—" Akaandika. Baadaye: "—nywele zako hizi—" Akajigusa kichwa bila kujua. Baadaye sana, karibu na mwisho: "—na kaka yako ana—"

"Rudisha hapo."

Mzee akarudisha. "—na kaka yako ana—"

"Tena."

Aliisikia mara saba. Kisha akageuka. "Ana nini?"

"Sijui," alisema Cheche.

"Ulikuwepo."

"Nilikuwa kibarazani."

"Ana roho nzuri? Ana kichwa kigumu?"

"Labda vyote viwili."

Kitinda akatabasamu kidogo, akafuta pua kwa kiganja. "Haya. Basi wewe nionyeshe. Alikuwa anaongeaje? Wewe si ulimsikia miaka kumi na minne? Sema kitu kama yeye. Niite kama alivyokuwa ananiita."

Cheche alifungua mdomo. Ikatoka sauti yake mwenyewe, sauti ya mwanamume aliyemeza moshi wa chuma miaka thelathini. Akakohoa, akajaribu kuipandisha. Ikawa mzaha. Akajaribu mara ya tatu na katikati akanyamaza, kwa sababu alikuwa ameona kitu ambacho hakukitegemea: hakuwa nayo. Miaka yote alijua sauti ya mama ipo sandukuni, hivyo hakujisumbua kuishika kichwani. Asubuhi ya jana alisema "ndiye", lakini nani mwingine angekuwa?

Kitinda alimwangalia akihangaika, halafu akafunga daftari.

"Baba naye," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kila kitu cha jalalani. Mashine ya jalalani, kanda za jalalani. Mke wake anakufa, na yeye anamrekodi juu ya matangazo ya sabuni. Kanda moja mpya, kaka! Moja tu! Angekosa nini? Mimi nilikuwa namwona mtu wa maana sana. Kumbe alikuwa bahili tu. Sitamsamehe. Nasema kweli, kaka, sitamsamehe yule mzee."

Mzee Waya alianza kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Cheche alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Baba alikuwa kaburini, asingesikia. Kitinda angelia, angepoa, wangekwenda kula pamoja, na Jumapili angepiga simu kama kawaida. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, tena alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini alimwona baba amebeba ile mashine begani, shati limeloa jasho, anacheka peke yake barabarani.

"Baba hakukosea," alisema. "Kanda zilikuwa nzima."

"Nzima wapi?"

"Nilizifuta mimi."

Akamwambia. Hakuzunguka, hakumtaja mzee. Waya, mizunguko, umeme, sumaku. Alipomaliza, Kitinda alikuwa ameacha kulia. Aliuliza kama anavyouliza wodini, swali na jibu.

"Miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua."

"Uliuliza?"

"Nimuulize nani?"

"Mtu yeyote. Miaka kumi na tisa, kaka. Fundi redio, mwalimu, fundi umeme anayepita njiani. Uliuliza mtu yeyote kama kanda zinakaa hivyo?"

Cheche alitafuta. Alitaka sana kumpata hata mmoja.

"Sikuuliza."

"Nilikuomba nizichukue."

"Baba alisema nisimpe mtu."

"Mimi si mtu, kaka," Kitinda alisema, polepole. "Mimi ndiye mwenyewe."

Akaomba kanda ya kumi na moja. Mzee Waya akaitoa kwenye mashine, akaitia kwenye boksi lake lenye mwandiko wa kupinda, akampa kwa mikono miwili. Kitinda akaiweka juu ya daftari, akamshukuru mzee, akamtakia kazi njema. Alipotoka aliufunga mlango taratibu, bila kishindo, kama unavyofunga chumba cha mgonjwa aliyelala.

"Mfuate," mzee alisema.

Cheche alimfuata mpaka kona. Alimwita kwa jina lake la utotoni mara mbili. Kitinda alinyoosha mkono, gari likasimama, akapanda.

Mzee Waya alifanya kazi wiki mbili kwenye kanda kumi zilizobaki, akakata na kuunga kila kipande chenye sauti. Cheche akamtumia Kitinda nakala. Haikurudishwa, wala haikujibiwa. Mkewe alipendekeza aende mwenyewe. Alikwenda. Shemeji yake, mume wa Kitinda, alimpokea vizuri, akampa maji, akamwambia mkewe ana zamu. Cheche alikaa sebuleni kwa muda wa saa tano. Zamu haikuisha.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Amepiga simu mara thelathini na moja. Imepokelewa mara mbili, zote na shemeji.

Kanda zilikuwa kumi na moja, kila moja saa moja na nusu, jumla saa kumi na sita na nusu za mama akiongea. Zimebaki dakika nne na sekunde kumi. Baba hayumo hata kwa neno moja. Kicheko hakimo. Mimba tatu hazimo. Katika kanda ya mtoto zimebaki sekunde tisa, maneno tisa, moja kati yake nusu, na jina la mtoto si mojawapo. Na mdogo wa kike, Cheche alikuwa na huyo mmoja tu.